Mzigo wa Mtunzaji Mmoja

Wahenga walinena: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Habari ya XZ Utils, programu huria ya kubana mafaili ya kompyuta ili yachukue nafasi ndogo, yathibitisha neno hilo.

Programu hiyo, itumikayo katika mashine nyingi ulimwenguni, ilitunzwa na Lasse Collin wa Ufini kwa zaidi ya miaka 10, katika saa zake za mapumziko, pasipo ujira. Mwaka wa 2022 baadhi ya watu walimlaumu kwa kukawia. Naye akawakumbusha kuwa kazi ile hailipwi. Ndipo msaidizi mwenye bidii, aliyejiita Jia Tan, alipoaminiwa na kupewa madaraka. Februari 2024 msaidizi huyo akatia katika toleo la 5.6.0 mlango wa siri, ambao ungemwezesha mwenye ufunguo wake kuziingia kompyuta za watu. Tarehe 29 Machi mhandisi Andres Freund akaitangaza hila hiyo, baada ya kushuku ucheleweshaji wa nusu sekunde tu.

Watumiaji walikuwa wengi, mtunzaji mmoja. Adui aliingia kwa kutoa msaada ambao wenye haki ya kuutoa hawakuutoa.