FAMILIA NA HISTORIA, SEHEMU YA 4: Familia ya Le Pen na neno "kijambo kidogo"

Wengi mliniuliza: nesi, chuki dhidi ya Wayahudi si iliisha Hitler alipokufa? Haikuisha. Leo tunaenda Ufaransa, kwenye familia moja ya siasa, tuone neno la mzazi linavyokaa ndani ya nyumba miaka na miaka.

Jean-Marie Le Pen alizaliwa mwaka 1928 kwenye kijiji cha bahari, La Trinité-sur-Mer. Baba yake alikuwa mvuvi. Mwaka 1942, katikati ya Vita Kuu ya Pili, mtumbwi... hapana, ilikuwa boti kubwa ya kuvulia, ikagonga bomu la majini. Baba akafa. Kijana akabaki yatima wa baba akiwa na miaka 14. Shikeni hilo, tutalirudia.

Mwaka huohuo wa 1942, tarehe 16 na 17 Julai, polisi wa Kifaransa waligonga milango ya Wayahudi Paris na vitongoji vyake. Nasema wa Kifaransa, si Wajerumani. Walikamata watu kama 13,000, na zaidi ya 4,000 walikuwa watoto. Familia nyingi zilifungiwa siku kadhaa kwenye uwanja wa mbio za baiskeli, Vélodrome d'Hiver. Joto kali, maji ya shida, vyoo havitoshi, madaktari na manesi wa kuhesabu. Wauguzi wenzangu, mnajua hali hiyo inamfanya nini mtoto wa kuhara.

Kisha wakapelekwa kwenye kambi za Pithiviers na Beaune-la-Rolande. Huko mama walitenganishwa na watoto kwa nguvu. Mama walisafirishwa kwanza. Watoto wakabaki, wengine wadogo hawajui hata kutaja majina yao, halafu nao wakapelekwa Auschwitz. Karibu wote waliuawa huko kwenye vyumba vya gesi.

Sasa turudi kwa Jean-Marie. Mwaka 1972 alianzisha na wenzake chama cha Front National. Mmoja wa waanzilishi hao, Pierre Bousquet, alikuwa amepigana upande wa Hitler kwenye kikosi cha Waffen-SS. Kwa hiyo mbegu ilikuwepo tangu siku ya kwanza.

Septemba 1987, redioni, Le Pen akasema vile vyumba vya gesi ni kijambo kidogo tu katika historia ya vita ile. Jamani! Mtoto aliyempoteza baba kwenye vita hiyohiyo. Je, kwake kifo cha baba yake kilikuwa kijambo kidogo? Mahakama ilimwamuru alipe fidia. Akarudia mwaka 1997 akiwa Munich. Akarudia tena mwaka 2015, na mwaka uliofuata akatozwa faini ya euro 30,000. Aliyerudia miaka karibu 30 hakuteleza ulimi.

Na hapa kuna jambo linalonigusa kazini. Mwaka huohuo wa 1987, kwenye televisheni, Le Pen alisema mgonjwa wa UKIMWI anaambukiza kwa jasho, machozi na mate, akamfananisha na mkoma, akataka watengwe. Sisi tuliohudumia kliniki ya VVU tunajua maneno ya namna hiyo yalizaa nini: watu kujificha, mama kuogopa kupima. Wanazi nao walibandika mabango Poland wakisema Wayahudi ndio chawa na homa ya tifasi. Ukishamwita mtu ugonjwa, hatua inayofuata ni kutafuta "dawa" ya kumwondoa. Ndiyo maana nesi anaandika historia.

Basi, watoto je? Binti yake, Marine, alizaliwa mwaka 1968. Alipokuwa na miaka 8, bomu lililipua nyumba yao Paris usiku wamelala. Walipona. Mtoto hakuchagua baba, wala hakustahili bomu lile. Chuki haitibiwi kwa chuki.

Marine alichukua uongozi wa chama mwaka 2011, akasema yaliyotokea kambini ni kilele cha ukatili. Mwaka 2015 chama kikamfukuza baba yake mwenyewe. Mwaka 2018 kikabadilishwa jina, kikawa Rassemblement National. Hiyo si hatua ndogo, tuiseme kwa haki.

Lakini Aprili 2017, akigombea urais, alisema Ufaransa haihusiki na ule ukamataji wa Julai 1942. Alitaka watoto wajivunie nchi yao. Kweli, hata marais wa zamani kama De Gaulle na Mitterrand walishikilia kwamba serikali ya wakati wa vita haikuwa Ufaransa halisi. Ila mwaka 1995 Rais Jacques Chirac alikuwa ameshasimama na kukiri kosa la nchi yake. Kurudi nyuma ya hapo kuliwaumiza wengi.

Novemba 2023 Marine aliandamana Paris kupinga chuki dhidi ya Wayahudi. Baadhi ya viongozi wa Wayahudi walisema hawamtaki pale. Serge Klarsfeld, ambaye baba yake alifia Auschwitz na ambaye amekusanya majina ya watoto waliosafirishwa, alimkaribisha. Unaona? Hata wenye kidonda hawakubaliani kama kimepona. Jean-Marie alifariki Januari 2025 akiwa na miaka 96.

Mimi naliona hivi. Kumfukuza mzee ni rahisi kuliko kusafisha alichopanda. Kidonda ukikifunga bandeji mpya juu ya usaha kinapendeza kwa nje, ila homa haishuki. Kukisafisha hapa ni kusema wazi: walikamatwa na polisi wetu, walikuwa watoto, na haikuwa kijambo kidogo.

Na nyumbani kwetu? Mtoto akisikia mezani kabila fulani ni wachafu, dini fulani ni wezi, anameza pamoja na ugali. Babu akisema, msimdhalilishe, lakini msikae kimya mbele ya mtoto. Mwambie palepale: "Babu kasema hivyo, sisi hatuamini hivyo, na sababu ni hii."

Niandikieni hapo chini: neno gani la kudharau watu mlilikuta nyumbani, na mmelifanyaje? Sehemu ya 5 tutaanzia kwenye majibu yenu.