Povu la Berlin

Ukichemsha nyama, kitu cha kwanza kupanda juu ni povu la kijivu. Mpishi hangoji lirudi kwenye supu. Anachukua kijiko, analiengua, analitupa. Watu wanaofuga samaki wa bahari ndani ya vioo hufanya vivyo hivyo, ila wao wana mashine inayoengua usiku na mchana. Tuiite kiengua povu. Ni mrija mnene uliosimama wima. Chini yake hupulizwa viputo vidogo mno vya hewa, juu kuna kikombe. Baada ya siku mbili tatu kikombe kinajaa maji ya rangi ya strungi, na harufu yake, wacha tu.

Je, mashine hii ni lazima? Wafugaji wamebishana kwa zaidi ya miaka 60, na wengine wakilianzisha hilo mtandaoni hutoa povu kuliko mashine yenyewe. Ili tuelewe wanachogombania, turudi nyuma kidogo, hadi London ya karne ya 19.

Mwaka 1846 Anna Thynne, mwanamke wa tabaka la juu, alichukua matumbawe madogo kutoka pwani ya Torquay akaenda nayo nyumbani kwake London. Maji ya bahari yalikuwa mbali na pampu ya umeme haikuwepo. Basi mfanyakazi wake wa nyumbani alipewa kazi ya kuyamimina maji hayo kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa au zaidi kila siku, ili yaingie hewa. Matumbawe yaliishi karibu miaka mitatu. Sifa zilimwendea mwenye nyumba. Lakini ukitaka kujua pampu ya kwanza ilifananaje, ilikuwa mikono ya yule mfanyakazi.

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua jumba la samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake kuhusu akwaria. Uingereza ikapata wazimu. Kila mwenye sebule alitaka kipande cha bahari. Watu walishuka ufuoni na ndoo na patasi, wakabandua kila kilichoweza kubanduka. Miaka mingi baadaye mwanawe, Edmund Gosse, aliandika kwa uchungu jinsi vidimbwi vya miambani alivyovijua utotoni vilivyoharibiwa na wakusanyaji ambao kitabu cha baba yake kiliwatia hamu. Na wengi wa viumbe waliobebwa hivyo hawakudumu.

Kwa nini? Kwa sababu kioo si bahari. Samaki anakula, anakunya, chakula kinabaki. Vyote hivyo vinaoza na kutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo sumu yake ni ndogo zaidi lakini hujilimbikiza na kulisha mwani. Baharini uchafu huo unapotelea kwenye maji yasiyo na mwisho, na mawimbi yakipiga mwamba sehemu yake hutoka kama povu jeupe unaloliona ufukweni. Hiyo ndiyo siri yenyewe. Molekuli za protini na mafuta zina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia. Zikikutana na kiputo cha hewa, zinakishikilia na kupanda nacho. Maji ya chumvi hutoa viputo vidogo vingi visivyoungana haraka, ndiyo maana mashine hii inafanya kazi baharini na inashindwa kwenye maji baridi ya ziwani.

Wanaviwanda waliwahi kuliona hilo kabla ya wafuga samaki. Mwanzoni mwa karne ya 20, migodi ya Broken Hill, Australia, ilitumia povu kutenganisha madini ya zinki na mabaki ya mawe. Wazo hilo likaingia kwenye akwaria Ujerumani katika miaka ya 1960, na kampuni kama Sander na Tunze zikawa miongoni mwa za mwanzo kuuza viengua povu. Vile vya zamani vilipuliza hewa kupitia kipande cha mbao laini chenye vitundu. Baadaye zikaja pampu zenye meno ya kukatakata hewa iwe kama vumbi.

Mwaka 1973 Peter Wilkens alitoa kitabu kuhusu ufugaji wa viumbe wa baharini wasio na uti wa mgongo. Kisha Berlin, mji ulio zaidi ya kilomita 100 kutoka bahari, Dietrich Stüber na wenzake wakaonyesha kwamba matumbawe magumu yanaweza kukua sebuleni. Mbinu yao ilikuwa mawe hai kutoka mwambani, taa kali, maji ya chokaa, na kiengua povu chenye nguvu. Vipande vya tumbawe la Acropora alilokuza Stüber vilipita mkono kwa mkono hadi nje ya Ujerumani. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kupata tumbawe lililozaliwa kwenye kioo, bila kuvunja mwamba.

Lakini si wote waliokubali. Huko Jakarta, Lee Chin Eng alikuwa ameandika mwaka 1961 kwamba mawe hai na viputo vichache vya hewa vinatosha. Walter Adey wa Smithsonian, Marekani, naye alitaka mwani ndio usafishe maji. Hoja yake: mashine haichagui, inatoa uchafu pamoja na vijidudu ambavyo matumbawe hula. Mwaka 2009 Ken Feldman, mwanakemia wa Pennsylvania, alipima mashine kadhaa akakuta kwamba huondoa takriban robo hadi theluthi ya kaboni ya viumbe iliyomo majini. Iliyobaki, hata ufanyeje, haipandi na povu. Kumbe ile mashine iliyosifiwa hivyo inashughulikia sehemu tu ya kazi.

Hapa ndipo historia hii inapobisha hodi kwetu. Wapiga mbizi wa pwani ya Kenya huvua kitatange na samaki wengine wa rangi wakiwa hai, nao husafirishwa kwa ndege hadi vioo vya Ulaya na Marekani. Samaki akifa mwezi wa kwanza, mwenye kioo ataagiza mwingine. Kwa hiyo mashine inayomweka hai ina faida hadi huku mwambani. Ila ina upande wa pili: ufugaji ukiwa rahisi, wanunuzi wanaongezeka, kama ilivyokuwa enzi za Gosse.

Basi, ni lazima? Kioo kidogo chenye samaki wawili, mwenyewe akibadilisha sehemu ya maji kila wiki bila uvivu, kinaishi vizuri bila mashine. Kioo kikubwa chenye samaki wengi wanaolishwa sana kinaihitaji, na inasaidia pia kuingiza oksijeni. Ukiifunga, ipe siku kadhaa izoee kabla hujaanza kulalamika. Weka kimo cha maji ndani yake kisibadilike. Safisha shingo ya kikombe mara kwa mara, maana utando wa mafuta hulivunja povu kabla halijafika juu, na sabuni isikaribie kabisa.

Halafu hesabu samaki. Mashine inatoa sehemu tu ya kile unachokitia, na hakuna kikombe kinachoweza kuengua tamaa ya mtu anayetaka kitatange kumi kwenye kioo cha wawili.