Kipushi, Mji Ulio Mgongoni mwa Maji

Ukitoka Lubumbashi ukielekea kusini-magharibi, kilomita kama 30 tu, unafika mahali ambapo mvua inagawana njia. Tone linaloanguka upande huu linaingia mto Kafubu, na Kafubu inaingia Luapula, na mwisho wa safari yake ni mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Tone la jirani yake, likiangukia ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, linashika njia ya Kafue, kisha Zambezi, mpaka Bahari ya Hindi. Wazungu walipogawana nchi hii waliufuata mgongo huo wa maji wakauita mpaka. Kipushi umekaa papo hapo, juu ya mgongo.

Watu wengi wa Lubumbashi wanaujua Kipushi kama kituo cha forodha, au kijimji cha pembeni ambako shemeji amepata kazi. Mimi nauona kwa namna nyingine. Huwezi kuieleza Lubumbashi bila shimo la mgodi wa Kipushi, na huwezi kulieleza shimo lile bila kusimulia habari za maji.

Kabla ya kampuni yoyote, hii ilikuwa nchi ya Walamba, watu wa chifu Kaponda. Shaba walikuwa wakiijua. Katika Katanga yote ya kusini, vilima vyenye shaba vilitambulika kwa mbali kwa sababu miti haioti juu yake, majani tu na maua machache yanayoistahimili sumu ya udongo. Ua moja la zambarau, Haumaniastrum katangense, linapenda udongo wa shaba uliowahi kuchimbuliwa, hata wataalamu wa mambo ya kale wamelifuata likawaonyesha tanuri za mababu. Wafua shaba walichimba wakati wa kiangazi, mashamba yakiwa yamelala, wakayeyusha mawe ya kijani kwa makaa na mivukuto, wakamimina misalaba ya shaba ambayo leo tunaiona kwenye nembo na kuta za ofisi. Msiri, aliyetoka Unyamwezi na kujenga dola yake Bunkeya, alitajirika kwa shaba hiyo pamoja na pembe za ndovu.

Mwaka 1899 George Grey, mtafutaji wa madini aliyetumwa na kampuni ya Tanganyika Concessions, alifika huku. Inasemwa katika vitabu kwamba aligundua Kipushi. Alichokikuta ni machimbo ya watu, mashimo ya zamani yaliyochimbwa kwa mkono, na kazi yake ilikuwa kuyaandika kwenye karatasi. Kampuni ya madini ya Union Minière ilizaliwa mwaka 1906, reli ikafika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na tanuri la Lubumbashi likaanza kuyeyusha shaba mwaka 1911. Kipushi ulingoja zamu yake. Mgodi ulianza katikati ya miaka ya 1920, ukapewa jina la Prince Léopold, mwana wa mfalme wa Ubelgiji.

Tofauti yake na migodi mingine ilikuwa kubwa. Ruashi, Kambove na Kolwezi walichimba sana kwa uwazi, juani. Kipushi walishuka. Mawe yake yanasimama wima ardhini kama ukuta, kwa hiyo kila mwaka shimo liliongezeka kina, na kila mita ya kina ilileta maji zaidi. Mgodi wa namna hii hauna siku ya mapumziko: hata wachimbaji wakilala, pampu lazima zikeshe.

Na mawe yenyewe yalikuwa ya ajabu. Chini ya shaba kulikuwa na zinki nyingi, risasi, fedha, na kitu kilichokuwa bado hakijapata thamani yake, gerimani. Mwaka 1948 mtaalamu wa madini wa Union Minière, Vaes, alieleza madini mapya yaliyotoka Kipushi, yakaitwa renierite kwa heshima ya mwanajiolojia Mbelgiji Armand Renier. Mwaka 1965 yakafuata mengine, briartite, kwa jina la Gaston Briart. Transista ya kwanza, iliyotengenezwa Marekani mwishoni mwa 1947, ilikuwa ya gerimani, na kwa miaka kadhaa redio za dunia ziliyategemea madini haya. Sijaona jiwe hata moja la Kipushi lililopewa jina la aliyelitoa chini.

Waliolitoa walitoka mbali. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliacha kutegemea vibarua wa miezi michache, ikawachukua watu kutoka Kasai, Lomami na Ruanda-Urundi kwa mikataba ya miaka mitatu, pamoja na wake zao. Kambi zikajengwa. Kampuni iligawa nyumba, mposho wa wiki, shule, hospitali, na ilijua hata mtoto gani hakuja kupimwa uzito. Ndani ya kambi hizo Kiswahili chetu cha Katanga kilikomaa, kwa sababu Mluba, Mbemba na Mnyarwanda walihitaji lugha moja ya shimoni na ya bombani. Lakini kampuni hiyo, baba aliyelisha, ilikuwa pia na bunduki. Wafanyakazi walipogoma kudai mshahara, tarehe 9 Desemba 1941, askari waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mpira wa Lubumbashi, makumi wakafa.

Uhuru ulikuja, ukafuatwa na kujitenga kwa Katanga chini ya Moïse Tshombe. Mwisho wa Desemba 1962 askari wa Umoja wa Mataifa waliuchukua Kipushi, kwani barabara ya mpakani ilikuwa mlango wa kuelekea Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1967 Mobutu alitaifisha mali za Union Minière nchini Kongo na mgodi ukaingia mikononi mwa kampuni ya taifa, iliyokuja kuitwa Gécamines. Kwa wachimbaji mengi yalibaki yaleyale: king'ora, lifti, unga.

Kilichouvunja mji ni mwaka 1993. Gécamines ilikuwa imeishiwa fedha za kigeni za kununulia vipuri, na Kipushi ulifungwa huku mawe bado yamejaa chini. Tangu mwanzo wake mgodi ulikuwa umetoa tani kama milioni 60 za mawe. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliandika juu ya familia za wafanyakazi hawa kitabu alichokiita kwa Kifaransa Bana Shaba walioachwa na baba yao, na sidhani kuna jina lililowafaa zaidi. Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliachishwa kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wengi wakiwa na miezi mingi ya mishahara isiyolipwa. Mwanamume aliyejua kusoma mwamba kwa mlio wa nyundo akaanza kulima mahindi ya kuuza. Mama aliyezoea kungoja mposho akawa ndiye anayeweka bukari mezani.

Pampu hazikuzimwa. Kwa miaka 18 shimo lisilotoa kitu liliendelea kunyonywa maji, kwa sababu kila mtu alijua kwamba likijaa, mji umezikwa. Mwaka 2011 pampu kubwa iliharibika na maji yakapanda. Yalisimama mita zaidi ya 850 chini ya ardhi, yakiwa yamefunika vyumba vyote vya chini vya Puits 5, shimo la lifti linaloshuka mita 1,240. Mwaka huohuo kampuni ya Ivanhoe ya Kanada ilinunua asilimia 68 ya mradi. Ilichukua miaka kuyatoa maji yale, na mwezi Juni 2024 Kipushi ulitoa tena zinki, kutoka kwenye mwamba unaoitwa Big Zinc, wenye zinki asilimia 35 hivi, kiwango cha juu sana duniani. Gécamines sasa ina asilimia 38.

Upande wa Lubumbashi, karibu na bomba refu la tanuri la zamani, kuna kilima cheusi ambacho kila mtoto wa mji anakijua. Ni takataka ya tanuri, na sehemu kubwa ya gerimani iliyomo ilitoka Kipushi, iliyeyushwa bila kuhesabiwa. Mwaka 2024 kiwanda cha STL, mali ya Gécamines, kilianza kuitoa gerimani hiyo na kuisafirisha Ubelgiji kwa kampuni ya Umicore. Umicore ni jina ambalo Union Minière ilijipa mwaka 2001.

Na mto? Mabaki ya kusafishia mawe ya Kipushi yalitiririshwa kwa miongo mingi kuelekea mto Kipushi na Kafubu. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga ya kusini. Kobalti waliyoikuta ilikuwa nyingi kupita kiasi, na kwa watoto ilikuwa nyingi zaidi. Kando ya Kafubu akina mama wanalima mboga, na asubuhi mapema wanazipeleka sokoni Lubumbashi, wakizimwagia maji kidogo njiani zisinyauke.