Benki Ikiyumba, Hasara Humwangukia Nani? Hoja kutoka Ukanda wa Korosho

Mjadala wa kuokoa benki kubwa kwa fedha za umma huendeshwa kana kwamba njia ni mbili tu: serikali iokoe au iache. Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo unaficha jambo la msingi. Benki ikianguka hasara haiyeyuki, huhamishwa. La kujadili ni nani anatwishwa, na kwa idhini ya nani.

Tuanze na jirani. Julai 2024 Moody's, kampuni inayopima uwezo wa wakopaji kulipa madeni, iliishusha Kenya kutoka daraja la B3 hadi Caa1, na punde ikazishusha pia KCB, Equity na Co-operative Bank. Benki hizo hazikuwa zimefilisika. Zilikuwa zimeikopesha serikali fedha nyingi kupitia hati fungani, hivyo udhaifu wa mdaiwa ukawa wao. Kumbe ahadi ya serikali ya kuokoa benki haiwezi kuzidi uwezo wa serikali yenyewe kukopa, na huenda ikapwaya wakati uleule inapohitajika.

Tanzania nayo ina historia yake. Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) iligawanywa mwaka 1997 baada ya kuelemewa na mikopo chechefu ya mashirika ya umma na vyama vya ushirika, na mzigo mkubwa ukaishia Hazina. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano ndogo, zikiwamo ya wakulima wa Kagera na ya wananchi wa Njombe. Kinga ya amana wakati huo ilikuwa shilingi 1,500,000 kwa kila mwenye amana. Aliyekuwa na zaidi alibaki kumsubiri mfilisi. Agosti mwaka huohuo Bank M iliishiwa ukwasi, lakini yenyewe haikufilisiwa. Iliwekwa chini ya usimamizi, kisha Januari 2019 ikaamuliwa mali na madeni yake yahamie Azania, benki ambayo wamiliki wake wakuu ni mifuko ya hifadhi ya jamii. Wenye amana walipata pa kushika, ila hatari ikasogezwa kwa wanachama wa mifuko hiyo, ambao hawakuulizwa.

Tofauti hiyo kati ya benki zilizofungwa na ile iliyookolewa inagusa hadi Nanganga, panapochepuka barabara ya Ruangwa kutoka ile ya Mingoyo hadi Masasi. Korosho na ufuta wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale huuzwa mnadani kupitia chama kikuu cha RUNALI, kwa mfumo wa stakabadhi ghalani. Mnunuzi hulipa benki, makato hutolewa, ndipo mkulima apate chake. Fedha zikiwa bado njiani, jasho la vijiji vizima hukaa katika akaunti chache za ushirika. Kinga ya amana, iliyopandishwa hadi shilingi 7,500,000 mwaka 2023, inamfaa mkulima mmoja mmoja. Ikihesabiwa kwa chama chenye wanachama mamia, haifui dafu.

Ukanda huu pia umeonja mipaka ya ahadi za serikali. Msimu wa 2018/19 serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima wengi walisubiri malipo kwa miezi.

Wapinzani wa uokoaji husema unawalea wakurugenzi wazembe. Wana hoja, na ushahidi wa zamani uko hapahapa Nachingwea: mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ulitelekezwa mwaka 1951 kwa hasara ya takriban pauni milioni 36. Mlipakodi wa Uingereza ndiye aliyelipa, si waliouchora mpango. Hata hivyo, dawa si kuiacha benki izame na wenye amana ndani yake. Dawa ni kuwatenganisha na wenye hisa: hisa zifutwe kwanza, wadai wakubwa wafuate, na fedha za umma zije mwisho, kwa ajili ya amana tu.

Kutokana na hayo, mambo mawili yanastahili kuandikwa wazi katika sheria. Kwanza, fedha za mazao zilizo katika akaunti ya ushirika zikingwe kwa kumhesabu kila mwanachama. Pili, benki yoyote isihamishiwe kwa taasisi inayobeba akiba za wafanyakazi kabla Bunge halijaelezwa ukubwa wa pengo na jina la atakayeliziba. Bila masharti hayo, ukubwa wa benki utaendelea kuamua nani anaokolewa, na asiye na sauti ataendelea kulipa.