Mbwa kambini: atalala wapi ndani ya hema ndogo?

Watu wanapokimbia vita kutoka Masisi, Rutshuru ao Djugu, mara mingi mbwa wa nyumbani anafuata nyuma bila kuitwa. Kwa kanuni za mashirika ya misaada, kila mtu apate angalau mita za mraba 3.5 chini ya paa. Familia ya watu sita ingepata 21, lakini wengi hawafikii hapo, na mbwa hakuhesabiwa.

Kumfukuza si dawa. Mbwa asiye na mwenyewe anazunguka kambini, anatafuta chakula kwenye takataka, anapigana na wengine, na hakuna anayejua kama alichanjwa. Afadhali apewe mahali pake tangu usiku wa kwanza.

Mahali hapo ni pembeni ya mlango. Mbwa wa kawaida wa kijijini akijikunja haombi nafasi kubwa kuliko kiloba kimoja kilichotandikwa. Kijazwe majani makavu, kiwekwe juu ya ubao, maana mawe ya volkano kandokando ya Goma ni makali na usiku yana baridi. Kamba ifike mita mbili hivi, isiguse njia ya jirani wala jiko la makala. Pale ambapo mambo ya kupigilia hayaingii ardhini, ifungwe kwenye jiwe kubwa. Mchana asiachwe ndani: chini ya plastiki joto linapanda haraka, naye mbwa hapoi kwa jasho kama mtu, anahema tu. Maji hayamalizi bidoni ya familia. Mbwa wa kilo 12 anakunywa karibu nusu lita mpaka robo tatu kwa siku.

Kulala na watoto kwenye mkeka mmoja ni jambo lingine. Mbwa analeta viroboto na funza. Huko Ituri, ambako tauni ya panya bado inaonekana, kiroboto si wa kuchezea, kwa hiyo mbwa alale nje, kwenye kibaraza cha majani. Mavi yake yazikwe kila siku, mbali na mahali watoto wanachezea, juu yana mayai ya minyoo. Na akila, watoto wasimsogelee. Hata mbwa mpole anaweza kuuma mbele ya sahani yake.

Hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Kichaa cha mbwa kinapita kwa mate, na dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu kila mara anakufa. Kwa hiyo mwenye mbwa amuulize munganga wa mifugo kuhusu chanjo. Mbwa anaweza kuipata kuanzia miezi mitatu, kisha inarudiwa kwa wakati munganga anaosema.

Mtu akiumwa, hata kama kidonda ni kidogo, kioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 nzima. Pilipili, mafuta ao majani visiwekwe. Halafu aende kituo cha afya siku hiyohiyo, asingoje kuona mbwa atakuwaje. Mbwa naye asiuawe haraka na kutupwa: afungwe vizuri, apewe maji na chakula, aangaliwe siku 10. Akibadilika tabia, akidondosha mate mengi ao akifa, kituo kiambiwe bila kuchelewa.