Maandishi Yanapopisha Jedwali

Enzi za herufi za risasi, fundi aliyetaka maandishi yazunguke jedwali dogo alikuwa na ukurasa mzima mbele yake. Aliliweka jedwali pembeni, akaifupisha mistari iliyopita ubavuni mwake, kisha chini yake akarudia upana wa kawaida. Kazi hiyo ilikuwa ghali, lakini palipobana aliweza kusogeza mstari mmoja.

Mwaka 1977 Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, aliletewa kurasa za majaribio za toleo jipya la juzuu ya pili ya kitabu chake, The Art of Computer Programming. Toleo la kwanza lilipangwa kwa risasi. Hili lilipangwa kwa mtambo wa picha, na herufi zake zilimchukiza. Akaamua kuandika programu yake ya kupanga chapa, akaiita TeX.

Fahari ya TeX ni aya. Mwaka 1981 Knuth na mwanafunzi wake, Michael Plass, walichapisha maelezo ya jinsi inavyokatwa: programu haijazi mstari mmoja na kuuacha, bali huipima aya nzima, kisha huchagua mikato itakayosawazisha vizuri nafasi kati ya maneno. Hadi leo naona ni kazi adhimu. Ila ukurasa hukatwa baadaye. Kompyuta za siku zile hazikuwa na kumbukumbu ya kushika kurasa kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo TeX huamua upana wa mistari kabla ya kujua aya itaangukia wapi. Hapo ndipo jedwali la pembeni linapopata taabu.

Knuth aliweka amri ya kutaja urefu wa kila mstari, \parshape, lakini nguvu yake hukoma aya inapokwisha. Jedwali likiwa refu kuliko aya, aya ya pili hulipanda. Leslie Lamport, alipoijenga LaTeX juu ya TeX miaka ya 1980, aliyaacha majedwali yaelee hadi juu au chini ya ukurasa. Kwa jedwali kubwa alifanya vyema. Lenye safu tatu tu humsumbua msomaji likihamia mbali na sentensi inayolitaja.

Donald Arseneau alilijibu hitaji hilo kwa kifurushi chake cha LaTeX, wrapfig. Kifurushi hiki huhesabu mistari iliyokwisha kupita kando ya jedwali, na kila aya mpya ikianza huipa mistari mifupi iliyobaki. Kikikutana na orodha, au na mwisho wa ukurasa, hesabu huvurugika: jedwali huzama chini, au mistari mifupi huvukia ukurasa wa pili kuzunguka nafasi tupu. Mwandishi anaweza kuitaja idadi ya mistari mwenyewe, lakini akiongeza sentensi sura ya nyuma, hana budi kuikagua upya. Mwaka 1990 Knuth alitangaza kwamba TeX haitaongezwa kitu tena, ila kusahihishwa makosa, kwa hiyo taabu hii haitarajiwi kuondolewa ndani yake. Ndiyo maana wenye uzoefu huliacha jedwali la pembeni hadi maandishi yote yakamilike.