Mus'ab hakuwa barobaro wa manukato tu

Wadau, ukimtaja Mus'ab bin Umair kwenye baraza yoyote, Malindi mpaka Mambrui, utasikia ile ile: barobaro wa Makka, mtoto wa tajiri, akipita mtaani manukato yanabaki nyuma. Akasilimu, mamake akamfungia ndani, akatoroka akahamia Habasha, yaani hapa hapa kwa jirani zetu Ethiopia. Mali akaiacha. Kisha vijana tunageukiwa: na nyinyi muache fasheni!

Sawa, lakini mimi naona tunairuka sehemu tamu zaidi.

Mwaka 621 Mtume (s.a.w.) alimtuma Mus'ab Yathrib, ndiyo Madina ya leo, akafundishe dini. Hakuwa na jeshi. Siku moja amekaa bustanini na mwenyeji wake, As'ad bin Zurara, akatokea Usaid bin Hudhair, mkubwa wa ukoo, mkuki mkononi, anafoka: mnatupotezea watu wetu, ondokeni kama mnapenda uhai wenu! Mtu akikujia hivyo leo, hata kwenye komenti tu, si matusi yangejaa ukurasa mzima? Mus'ab alimwambia akae kwanza asikilize. Akipenda akubali, asipopenda wao wataacha. Usaid akaona hiyo ni haki. Akachomeka mkuki chini, akakaa, na akasilimu pale pale. Baadaye akaja Saad bin Muadh na hasira zake, yakawa yale yale.

Mwaka uliofuata, watu zaidi ya 70 wa Yathrib walikwenda Aqaba kumuahidi Mtume kwamba watamlinda. Kwa hiyo Hijra ya 622 ilikuta mji ulio tayari, na kazi kubwa hapo ilikuwa ya huyu kijana na mdomo wake.

Kwenye vita vya Uhud, 625, yeye ndiye aliyebeba bendera. Sira zinasimulia alikatwa mkono wa kulia, akaishika kwa wa kushoto, nao ukakatwa, akaikumbatia kifuani mpaka akauawa. Sanda ilikuwa shuka moja tu: wakifunika kichwa, miguu iko nje, wakifunika miguu, kichwa kiko nje. Mtume akaamuru kichwa kifunikwe, miguuni yawekwe majani ya idhkhir. Yananukia hayo, ni jamaa ya mchaichai tunaotia kwenye chai.

Miaka ikapita. Abdurrahman bin Auf, wakati huo tajiri kweli kweli, aliletewa chakula akiwa amefunga. Akamkumbuka Mus'ab na ile shuka, akasema alikuwa mbora kuliko yeye. Akaanza kulia, chakula akakiacha.